Mgomba wa uani: hesabu yake kabla mkungu haujafika sokoni

MKUNGU wa ndizi ni bidhaa inayozisumbua kurasa za bei za masoko. Mahindi yana gunia, mchele una kilo, mafuta yana dumu. Ndizi zina mkungu, na mkungu hauna kipimo. Mmoja una chane 5, mwingine chane 10. Mmoja hubebwa na mtoto, mwingine humtoa jasho mpagazi. Bei inapotajwa katika soko la Mabibo jijini Dar es Salaam, ambalo wengi hulijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi, anayeifahamu maana yake ni yule tu aliyeuona mkungu wenyewe.

Katika biashara ya namna hii anayefaidika ni mwenye jicho lililozoea. Dalali hutazama unene wa vidole, huhesabu chane, hupapasa kikonyo, na bei huwa tayari kichwani kabla muuzaji hajafungua mdomo. Mwenye migomba michache nyuma ya nyumba, anayeuza mikungu miwili mitatu kwa mwaka, hana uzoefu huo. Matokeo yake ni kwamba watu wengi wa mijini wana migomba uani lakini hawajapata kuihesabu kama mali. Imeota tu pale maji ya bafuni yanapomwagikia, na mkungu ukikomaa huliwa, hugawiwa majirani au huuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye kiwanja na mtaji haba, mgomba unastahili hesabu bora kuliko hiyo. Hata hivyo, si kila uani unafaa, na si kila ndizi inafaa kuoteshwa kila mahali.

Shina moja, mkungu mmoja

Jambo la kwanza ambalo wawekezaji wapya huwa hawalitilii maanani ni kwamba shina la mgomba huzaa mara moja tu. Baada ya mkungu kukatwa shina hilo limemaliza kazi. Mali yenyewe iko chini, kwenye tunguu, ambalo hutoa machipukizi ya kurithi nafasi ya mama. Kwa hiyo anayetunza mgomba hatunzi mti mmoja bali ukoo. Wataalamu wa kilimo hushauri kila shimo liwe na vizazi vitatu tu: mama mwenye mkungu, binti aliyefikia kiuno au kifua, na mjukuu anayechungulia ardhini. Mengine yote yang'olewe yangali machanga.

Ushauri huu ni rahisi kusema na mgumu kufuata. Mwenye uani akiona machipukizi 8 hujiona tajiri, kumbe machipukizi 8 yanagombea chakula kimoja, na mikungu itakayotoka itakuwa ya chane tatu nne. Dalali akiuona mkungu wa aina hiyo hauhesabu kuwa mkungu.

Nafasi inayopendekezwa kwa kawaida ni mita 3 kwa mita 3, yaani mita za mraba 9 kwa kila shimo. Ekari moja kwa nafasi hiyo hubeba mashimo 450 hivi. Lakini tuzungumzie kiwanja cha mjini cha mita 20 kwa 20. Nyumba, choo, karo na njia vikishachukua sehemu yake, mwenye bahati hubakiwa na robo ya kiwanja, mita za mraba 100, ambazo ni mashimo 11. Mgomba uliotunzwa vizuri katika joto la pwani unaweza kutoa karibu mkungu mmoja kwa mwaka kwa kila shimo. Mikungu 11 kwa mwaka haitajirishi mtu, lakini kwa kaya inayonunua ndizi kila wiki ni fungu la matumizi lililookolewa, na ziada kidogo ya kuuza.

Maji ndiyo yanayokata shauri

Wengi hudhani kikwazo ni ardhi. Kwa Dar es Salaam kikwazo ni maji. Mgomba huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki ili uzae bila kudumaa. Katika eneo la mita za mraba 9, hizo ni lita 225, sawa na ndoo 11 za lita 20 na kidogo juu yake. Wakati wa masika na vuli mvua hufanya kazi hiyo. Kuanzia Juni hadi Septemba, hali ni nyingine.

Mashimo 11 yatataka karibu lita 2,500 kwa wiki. Kwa wiki 17 za kiangazi hizo ni lita zaidi ya 42,000, ambazo kwenye mita ya maji husomeka kama uniti 42. Anayemwagilia kwa maji ya bomba au ya boza hana haja ya kuendelea na hesabu. Aende akanunue ndizi sokoni.

Hesabu hubadilika kwa anayetumia maji ambayo yamekwishalipiwa mara moja. Chukua mfano wa kaya ya watu 6 ambao kila mmoja hutumia ndoo 3 kwa siku kwa kuoga, kufua na kuosha vyombo. Hizo ni lita 360 kwa siku, au 2,520 kwa wiki. Nusu yake ikielekezwa kwenye migomba badala ya kuachwa ipotee mtaroni, inatosha mashimo 5, pengine 6. Basi kwa nyumba ya namna hiyo idadi inayolipa ni mashimo 5 au 6, hata kama uwanja unaruhusu zaidi. Matandazo ya majani makavu na ya mashina yaliyokwisha kuvunwa, yakiwekwa unene wa kiganja, hupunguza sana unyevu unaopotea. Maji yenye sabuni nyingi ya kufulia yazungushwe shimo hadi shimo, yasimwagwe mahali pamoja kila siku.

Kihamba kilichofundisha

Wanaodhani kilimo cha uani ni mchezo wa watu wa mjini wangefaa kuutazama mlima Kilimanjaro. Kihamba cha Mchagga ni uani katika maana yake kamili: nyumba katikati, migomba kuizunguka, mibuni chini ya migomba, miti mirefu juu, viazi vikuu na maharage chini, ng'ombe bandani akilishwa majani na mashina ya migomba, na samadi yake ikirudi shimoni. Maji yalishushwa kwa mifongo. Uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 1984 ulikadiria kuwa kihamba cha wastani cha hekta 0.68 kilitoa mikungu 275 kwa mwaka, pamoja na kilo 280 za kahawa na kilo 125 za maharage. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huo huko Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Lakini kwa ukurasa wa biashara, somo kubwa la kihamba liko katika mfuko wa fedha. Kwa miongo mingi kahawa ilikuwa zao la baba. Ilipelekwa chamani na kuuzwa kupitia KNCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1933, na malipo yalitoka kwa jina la mwenye shamba. Ndizi zilikuwa za mama. Yeye ndiye aliyezibeba hadi soko la Mwika au Marangu, na fedha yake ilikuwa ndogo lakini ya kila wiki: chumvi, mafuta ya taa, daftari la mtoto.

Julai 1989 mfumo wa mgao chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ya kahawa duniani ikaporomoka. Zao lililokuwa la heshima likashindwa kulipa ada. Zao lililodharauliwa ndilo lililobaki na mnunuzi kila siku, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikalifanya lifuatwe na malori. Palipo na lori mazungumzo ya bei hubadilika. Mkungu unaobebwa kichwani hadi sokoni huuzwa na mama. Mikungu 50 inayochukuliwa na lori mlangoni huuzwa kwa dalali anayemwuliza mwenye shamba. Kaya zinazoanza biashara ya ndizi uani zingefanya vyema kulizungumza jambo hili mapema: anayemwagilia, anayepunguza machipukizi na anayepokea fedha mara nyingi si mtu mmoja, na mgomba hukosa matunzo pale anayeutunza asipoona faida yake.

Oteshea soko ambalo lori haliliwezi

Ndizi zinazoliwa Dar es Salaam hutoka mbali. Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Tukuyu, kitovu cha ndizi za Rungwe, ni karibu kilomita 900. Kagera ni mbali zaidi. Safari hiyo inaelekeza aina gani inafaa kuoteshwa mjini.

Mchare wa Kilimanjaro, ndizi ya mtori, husafiri mbichi na hustahimili safari kiasi. Umezoea ubaridi wa mlimani na ardhi yenye rutuba. Kuupanda Mbagala au Kimara ili ushindane na wa Moshi ni kujitafutia hasara. Matoke ya Kagera ni vivyo hivyo.

Kisukari ni hadithi nyingine. Ganda lake ni jembamba, kikivishwa huanguka kutoka kwenye chane, na hakivumilii kurushwa rushwa barabarani. Kwa hiyo kisukari kilichoivia karibu na mlaji kina ubora ambao lori la mbali haliwezi kuuleta. Kimalindi nacho hufaa uani kwa kuwa ni kifupi, hakihitaji nguzo ndefu na upepo wa pwani haukiangushi kirahisi. Mzuzu na mkono wa tembo hazina chane nyingi, lakini huuzwa kwa kidole na wakaangaji huzitafuta mwaka mzima.

Mzuzu una siku zake za dhahabu: futari. Mwezi wa Ramadhani mahitaji ya ndizi za kupika kwa nazi hupanda katika miji yote ya pwani, na mwenye mikungu wakati huo habembelezi mteja. Tatizo ni kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na mgomba haujui kalenda ya mwezi mwandamo. Mwaka 2030, kwa mfano, Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mzuzu huchukua takriban mwaka mmoja tangu kupandwa, ukizidi au kupungua miezi miwili kwa kutegemea mvua na samadi. Anayeitaka futari ya Januari 2030 apande kati ya mwisho wa vuli ya 2028 na mwanzo wa masika ya 2029. Asiweke miche yote siku moja. Apishanishe kwa wiki kadhaa ili mikungu isikomae kwa mkupuo, mingine ikibaki mikononi baada ya Idi.

Kupishanisha kunawafaa hata wasiolenga futari. Watu wengi hupanda masika inapoanza, na mikungu yao hukomaa kwa kufuatana, msimu ambao bei iko chini. Mwenye maji ya bafuni hana sababu ya kufungwa na masika.

Chipukizi la bure linaweza kuwa ghali

Mche wa mgomba kwa desturi hauuzwi. Jirani huomba, jirani hutoa. Ukarimu huo ndio njia kuu ambayo maradhi yamesafiri. Kuna fukusi wanaotoboa tunguu na minyoo inayooza mizizi, ambao hawaui haraka bali hupunguza mkungu mwaka hadi mwaka hadi upepo mdogo unaangusha shina zima. Dawa yake kwa chipukizi ni rahisi: mizizi yote ikatwe, tunguu limenywe mpaka weupe utokee, kisha litumbukizwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Chipukizi lililo bora ni lile la upanga, lenye majani membamba yaliyochongoka na shina nene chini. Lenye majani mapana likiwa bado fupi ni zuri kwa macho tu.

Mnyauko wa fuzari ni jambo zito zaidi. Huu ndio ugonjwa ulioimaliza biashara ya dunia ya ndizi za Gros Michel kufikia miaka ya 1960 na kuyalazimisha makampuni ya nje kuhamia Cavendish. Kuvu wake hukaa ardhini kwa miongo. Majani ya chini hugeuka manjano na kuning'inia, shina hupasuka karibu na ardhi, na likikatwa huonyesha rangi ya kahawia ndani. Hapa ndipo penye shingo ya hesabu ya uani, kwa sababu kisukari, aina yenye soko tamu kuliko zote mjini, ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa huu huzipata kwa urahisi. Mchare nao hauusalimiki. Mzuzu na kimalindi huhimili aina ya kuvu iliyozoeleka Afrika Mashariki, lakini aina kali inayoua hata Cavendish ilitangazwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, na Msumbiji ni jirani. Mwenye shimo lililoua kisukari asirudishie kisukari hapo. Aweke mzuzu, au aache kabisa migomba mahali hapo.

Mnyauko wa bakteria ulijulikana kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001 na ukaingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Dalili yake humkamata mfanyabiashara mkononi: ndizi huiva kabla ya wakati, moja moja bila mpango, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Shina likikatwa hutoa uteute wa manjano. Huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua la chini la mkungu, na panga lisilosafishwa, na miche, na hata majani mabichi yanayofungiwa mizigo kwenye malori. Kinga yake haigharimu shilingi: ua hilo livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapotokeza, panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na shina linaloumwa likatwe usawa wa ardhi. Wanunuzi wanaopita nyumba hadi nyumba na panga moja waambiwe wazi kuwa mwenye nyumba ndiye atakayekata.

Wanaoweza kulipia mche wapate ule wa maabara, uliokuzwa kwa chembe hai za mmea. Kenya ilianza kuisambaza kwa wakulima wadogo katika miaka ya 1990, na Tanzania nayo huzalishwa. Huja bila minyoo wala fukusi, lakini ni mchanga na hutaka maji kwa uangalifu miezi ya mwanzo. Aidha, kuingia safi si sawa na kubaki safi. Ukipandwa kwenye ardhi yenye kuvu utaugua kama mwingine. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ilipitisha mwaka 2021 aina nne chotara za kupika, TARIBAN 1 hadi 4.

Kuuza kwa mkungu au kwa kidole

Mkungu wa kisukari wenye chane 8, kila chane vidole 15, una vidole 120. Tuseme 12 vitaharibika katika kuvundika. Vilivyobaki ni 108. Mwenye mkungu auzidishe kwa bei ya kidole kimoja katika genge la mtaani siku hiyo, na jibu alilinganishe na bei anayopewa na mchuuzi aliyesimama uani. Tofauti yote si faida ya mchuuzi, kwani naye hubeba, huvundika, hulipa ushuru na hukaa juani. Lakini mchuuzi akitoa chini ya nusu ya jibu hilo, mwenye genge la jirani au mama anayeuza chapati atatoa zaidi, na kwake hakuna gharama ya usafiri.

Kuvundika hakuhitaji kemikali. Mkungu uliokomaa, ambao pembe za vidole zimeanza kujaa, huchanwa, hupangwa kwenye pipa au kasha, huwekewa ndizi moja mbivu ili kuchochea na hufunikwa. Katika joto la Dar es Salaam siku 4 hadi 6 zinatosha. Wanaoharakisha kwa kabaidi hupata rangi ya manjano juu na ugumu ndani, na wanahatarisha afya zao na za walaji. Mteja wa aina hiyo hununua mara moja.

Ziada nyingine ni majani, ambayo wapishi wa shughuli huyanunua kufunikia vyungu. Kukata majani ya mgomba wenye mkungu hupunguza unene wa ndizi. Yakatwe ya shina lililokwisha kuvunwa, au yasizidi yale yaliyozeeka chini. Mgomba uliotoa mkungu unataka majani 8 hivi yaliyo hai ili uukomaze.

Mpangaji anayetaka kuanza ana tatizo moja ambalo halitatuliwi na samadi. Mkungu wa kwanza hutoka karibu na mwaka mmoja, na tunguu halihamishiki na mizigo mingine. Mapatano na mwenye nyumba juu ya mikungu iliyo shinani siku ya kuhama yaandikwe kabla shimo halijachimbwa, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, pamoja na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Udongo wa juu urudishwe kwanza.